Jagi la Mzee Kirui na Gari Lililokunywa Oili

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu hapa Munyaka, Eldoret, ananunua dawa ya kupe, anaegemea kaunta na kuuliza, "Na ile gari?" Nimesimulia hadi koo limenikauka, na Mama Brayo wa saluni anadai kila nikirudia ninaongeza chumvi. Basi nimeandika mara moja, ili anayetaka asome na anayenunua anunue.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Njeri, muuza mbegu na dawa za mifugo. Mwaka huu niliuza pikapu yangu ya dukani, nikaongeza akiba yangu yote, nikanunua gari kubwa la mtumba kwenye yadi moja ya Nairobi. Lilikuwa na rangi ya fedha, viti vya ngozi, na waranti ya miezi mitatu. Nililipenda hadi nikawa naamka mapema kulipangusa vumbi mimi mwenyewe. Wiki ya sita Fundi Wafula, anayenitengenezea magari miaka yote, alivuta stiki ya kupimia oili, akaipangusa, akaichovya tena, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, hii gari inakunywa oili. Na si kidogo."

Nilipiga simu yadi. Meneja akasema magari yote hula oili. Nikapiga tena, akasema ni baridi ya Eldoret. Mara ya tatu akasema labda fundi wangu anaiba. Tulizozana hivyo mpaka waranti ikabakisha siku nane, ndipo akakubali jaribio. Nilete gari, wao wajaze oili na kufunga kifuniko kwa sili, niendeshe kilomita elfu moja na kurudi kabla waranti haijaisha. Ikipungua zaidi ya lita moja, watafungua injini na kuitengeneza. Sili ikikatwa, sina waranti. Na bila waranti nilikuwa na injini inayokufa, sina pikapu, na wakulima wa kutoka hapa hadi Kesses wanasubiri mbegu zao.

Nairobi, chini ya gari

Safari ya kwenda sitasimulia. Nilikuwa nimekasirika na sikuona chochote barabarani.

Pale yadi fundi wao anaitwa Musa, mtu wa maneno machache, mwenye mikono safi kuliko ya meneja. Alimwaga oili yote ya zamani, akaweka filta mpya, akajaza lita sita mbele ya macho yangu na kuziandika kwenye fomu. Kisha akapitisha waya mwembamba kwenye kifuniko cha oili na kwenye stiki, akaufunga kwa sili nyekundu ya plastiki yenye namba. Akaingia chini ya gari na kufunga nyingine kwenye ile nati ya kumwagia oili.

"Hata ya chini?" nikauliza.

"Hata ya chini, Mama. Ndio kusiwe na maneno."

Meneja, kijana wa viatu vilivyochongoka, alipiga picha zote kwa simu. "Sasa Mama, usiguse."

"Niguse ndio nitafute nini?"

"Watu hutafuta mengi," akasema, akacheka peke yake. Nilitoka pale nikiwa nimeapa moyoni kwamba hakuna mkono wa mtu utakaokaribia hiyo boneti.

Kupanda Timboroa

Mpaka Nakuru safari ilikuwa tamu. Nilisimama Kinungi nikanunua viazi na plamu, na mwenye kibanda akanionjesha karoti tatu bila kuombwa. Nilianza kufikiri labda gari limeona aibu na kuacha tabia.

Tulipoanza kupanda kuelekea Timboroa likakumbuka. Kwenye kioo cha nyuma niliona moshi wa bluu umetanda barabarani, na ndani ya moshi lori la simiti likiniwashia taa. Dereva akanipita na kunipungia mkono nisimame. Alikuwa jitu kubwa lenye kofia ya sufu, na aliruka chini akiwa ameshika mtungi.

"Mama, gari inaungua!"

"Haiungui. Inakunywa oili."

"Si basi tuipatie? Niko nayo hapa."

Akaenda moja kwa moja kwenye boneti. Nilikimbia nikasimama mbele yake na kutandaza mikono kama kipa. "Usifungue! Imefungwa na sili."

"Nani amefunga?"

"Wenye waliniuzia."

Alisimama pale kwenye ukungu akilitafakari hilo. "Wamekuuzia gari halafu wakakukataza kufungua? Mama, hii gari ni yako ama ni yao?"

Nikamweleza habari ya jaribio mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akarudisha mtungi wake kwenye lori kwa huzuni ya kweli, akaleta hindi la kuchoma na kulivunja vipande viwili. Tulikula tumesimama, pua zikituchuruza kwa baridi. Kisha akasema atanifuata nyuma, ili nikizimikiwa nisiwe peke yangu. Alinifuata polepole hadi Burnt Forest na moshi wangu wote ukimwingia yeye, akapiga honi mara mbili na kunipita. Sikuuliza jina lake, jambo ninalojuta.

Marich na kurudi

Siku iliyofuata nilitafuta kilomita. Ukitoka Nairobi hadi Eldoret na kurudi hupati elfu moja, na mimi si mtu wa kuzunguka mzunguko wa barabara kama kuku aliyekanyagwa. Nikaamua kwenda mpaka Marich, mahali nilipopasikia tu kwa wateja, kisha nilale kwa wakwe zangu Chepsaita, na asubuhi niteremke Nairobi. Nilipiga hesabu, ikatosha.

Baada ya Kapenguria barabara inashuka na hewa inabadilika. Unavua sweta, kisha unafungua madirisha, kisha unajuta kwa nini ulivaa soksi. Milima inakusimamia pande zote mbili. Nilifurahi peke yangu kwa sauti, maana miaka yote hiyo nimeuza mbegu kwa watu wa huku na sijawahi kuona mahali zinapoota.

Nilipogeuza Marich na kurudi hadi Ortum, nilikuwa na njaa. Niliingia hoteli ndogo nikaagiza chai na chapati. Mwenye hoteli, mama wa makamo mwenye shanga shingoni, akauliza ninakwenda wapi.

"Hapa tu. Nimefika, sasa narudi."

"Umetoka Eldoret kukunywa chai?"

"Hapana, namaliza kilomita."

Nadhani nilikosea kulitaja hilo nikiwa nimeshika kalamu na karatasi, nikiandika namba za kwenye dashibodi. Yule mama alinitazama, akatazama gari kubwa la fedha nje, akatoka. Dakika kumi baadaye walikuwa watu saba mezani kwangu. Walikuwa wameambiwa mtu wa serikali amekuja kupima barabara.

"Mama, andika mtaro," mzee mmoja akasema. "Mvua ikinyesha, maji yote inaingia kwa duka yangu."

"Mzee, mimi ni wa duka pia. Siko na serikali."

"Ndiyo, tunaelewa," akasema kwa upole. "Lakini andika."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniheshimu. Walisema wa mwaka jana alijigamba sana na hakufanya lolote, lakini huyu ni mnyenyekevu. Nikaletewa nyama ya mbuzi ambayo sikuagiza, na chupa ya asali. Nikaandika mtaro, nikaandika mahali watoto wa shule wanapovukia bila matuta, nikaandika taa iliyoanguka. Saa mbili zilipita hivyo. Karatasi ile niliipeleka ofisi ya barabara Kitale juma lililopita, wakapiga muhuri kwamba wameipokea. Kama si serikali, basi angalau nilikuwa tarishi.

Kwenye mwinuko wa kurudi Kapenguria ndipo taa nyekundu ya oili ilipowaka kwenye kona, ikazimika, ikawaka tena. Nikasimama, nikampigia meneja.

"Endelea tu Mama, hiyo ni sensa ya taa imeharibika, oili iko."

"Na ikiwa si sensa?"

"Ni sensa."

Niliendelea kwa mwendo wa harusi, huku nikiliongelesha gari kama ng'ombe anayezaa.

Chepsaita

Mzee Kirui na Mama Chepkoech ni wakwe zangu. Njeri wangu ameolewa na mwana wao, na wanaishi Kisumu. Mnajua mkwe si mtu wa kuzoeana naye ovyo. Unavaa vizuri, unakaa vizuri, humwonyeshi nguo yako iliyoraruka. Na hawa walikuwa wamelibariki gari hili nilipolileta mara ya kwanza. Mzee alinyunyizia maziwa magurudumu yote manne huku mimi nikisimama nimefura kwa maringo. Ningewaambiaje sasa kwamba nimeuziwa bomu?

Basi sikusema. Tulikula kuku na ugali, tukashushia mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, na Mama Chepkoech akauliza, "Gari inaendelea aje?"

"Iko sawa kabisa," nikasema. "Inakula oili kidogo tu."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Lazima mjue kidogo kuhusu Mzee Kirui. Kabla ya kustaafu alipokea maziwa kwenye kituo cha ushirika kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa ya kila mkulima bila kumdhulumu yeyote na bila kudhulumiwa. Mpaka leo hamimini kitu bila kukipima. Hata chai anaangalia imefika wapi kwenye kikombe. Na kwa kuwa sasa ana trekta, kila kukicha anakagua oili ya kila chenye injini kilicholala kwenye boma lake: trekta, pampu ya maji, kinu cha kusagia, hata pikipiki ya mchunga ng'ombe wake. Kwake mgeni haondoki na njaa, na gari lililobeba mgeni ni mgeni pia. Sisi tuliomzoea tunajua. Mimi nilijua. Nilisahau tu, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye kuficha.

Asubuhi nilimkuta mezani ameshakunywa chai, na uso wake umeng'aa.

"Mama Njeri, nimelisha huyo mgeni wako."

"Mgeni gani, Mzee?"

"Gari. Ulisema inakula kidogo. Hiyo si kidogo. Imekunywa lita mbili na robo ndio ikafika kwa alama." Akanyoosha kiganja. Sili nyekundu ilikuwa katikati, imekatwa vizuri, na waya wake umekunjwa. "Hawa Wajapani wanafunga kama mfuko ya mbegu. Lakini nilikata pole pole, sikuharibu kitu."

Nilisema asante. Nilisema asante mara tatu, nikatabasamu hadi mashavu yakauma, nikaomba kwenda kuangalia kitu nje. Nyuma ya ghala la mahindi nikalia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kama mtu aliyefiwa. Kilomita zote zile, moshi wote ule, yule dereva wa lori niliyemzuia kwa mikono yangu, halafu mkwe wangu mwenyewe kwa koleo lake mwenyewe!

Mama Chepkoech alinikuta pale. Hakuuliza mengi. Alinishika bega, na mimi nikamwaga kila kitu: yadi, sili, waranti iliyobakiza siku tano, pikapu niliyouza. Alisikiliza, akaenda ndani. Nilisikia sauti yake kwa Kikalenjin, maneno machache tu.

Mzee Kirui alitoka amevaa koti lake la kanisani na kofia. Mkono mmoja alishika jagi lake la plastiki, lile la lita mbili lenye alama kila robo, alilolistaafisha kutoka kwenye maziwa na kulifanya la oili. Mkono wa pili alishika kibuyu cha mursik. Akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi, akajifunga mkanda.

"Twende," akasema.

"Wapi, Mzee?"

"Nairobi. Mimi ndio nilikata. Nitasema mimi."

Kilomita za kimya

Kutoka Chepsaita hadi Nakuru Mzee alitazama barabara tu. Jagi lilikuwa mapajani mwake, amelishika kwa mikono miwili. Mimi niliendesha huku najilaumu. Mkwe wangu mzee namburura Nairobi, mji asioupenda, akaaibishwe na kijana wa viatu vilivyochongoka. Tulipofika Timboroa moshi haukuwa mwingi kama siku ile, kwa sababu gari lilikuwa limeshiba, na hilo nalo likanikera.

Baada ya Gilgil tulisimama kando ya barabara. Alinimiminia mursik kwenye kikombe, akaangalia imefika wapi, akaongeza kidogo, akanipa.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niliona aibu, Mzee."

Akatikisa kichwa. "Kwa kituo, mkulima akileta maziwa imeharibika, unajua anasemaga nini? 'Iko sawa kabisa.' Yule ako na maziwa mzuri hasemi kitu, anaweka mtungi chini. Wewe ulisema iko sawa kabisa. Nikajua iko shida. Ndio nikafungua."

Nilibaki nimeshika kikombe. Kumbe hakuwa amefungua kwa mazoea peke yake. Alifungua kwa sababu nilimdanganya, na alijua nimemdanganya, na badala ya kuniumbua mezani akaenda kulisaidia gari gizani asubuhi. Nilimwomba msamaha. Akasema tunywe, tuondoke.

Tulifika Nairobi dashibodi ikionyesha zimebaki kilomita tisa. Ilibidi tuzizunguke. Tulikwenda na kurudi tukipita mzunguko mmoja wa barabara mara nne, na Mzee Kirui, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, akaanza kumpungia mkono askari wa trafiki kila tulipompita. Mara ya nne askari akampungia pia.

Yadi

Meneja alifungua boneti, akaona waya haupo, na uso wake ukajaa huruma ya uongo.

"Mama, masharti ni masharti. Sili imekatwa. Hapa hakuna waranti."

"Mimi nilikata," akasema Mzee Kirui, akaweka ile sili nyekundu kwenye meza yake. "Nilikuwa sijui. Niliongeza oili mbili na robo, kwa hii jagi."

"Mzee wangu, nashukuru kwa ukweli. Lakini sasa jaribio imeharibika. Hatuwezi jua ni ngapi."

"Tunaweza. Nyinyi mliweka ngapi?"

"Sita."

"Toeni tupime."

Meneja akaangalia saa. Alikuwa na mteja, bwana mmoja na mkewe waliokuwa wakizunguka gari jeusi pembeni, karibu kabisa kutia sahihi. Akasema fundi ana kazi. Lakini Musa alikuwa ameshaingia chini ya gari na tochi.

"Sili ya chini iko," akasema kutoka huko. "Namba ni ile ile."

Alipoikata, oili ikaanza kushuka kwenye beseni, nyeusi kama chai ya jela. Mzee Kirui akangoja mpaka tone la mwisho. Meneja alipotaka kusema imetosha, mzee akamwinulia kidole kimoja tu. Kisha akasema, "Na ya filta." Musa akafungua filta na kuimimina pia.

Ndipo nikamwona mkwe wangu akifanya kazi yake. Aliweka jagi juu ya sakafu bapa. Akamimina. Akapiga magoti, koti la kanisani na yote, mpaka jicho lake likawa sawa na alama. Alikaa hivyo muda mrefu, bila kupumua naona. Yule mteja na mkewe wakasogea. Wauzaji wengine wawili wakasogea.

"Mbili," akasema, akamwaga kwenye mtungi mtupu. Akajaza tena, akapiga magoti tena. "Nne." La tatu halikujaa. Aliliangalia, akamwita meneja kwa mkono. "Piga magoti uone. Usiangalie kutoka juu, ukiangalia kutoka juu unajidanganya."

Meneja wa watu akapiga magoti na suruali yake ya kubana.

"Ni ngapi?"

"Robo tatu."

"Nne na robo tatu. Mliweka sita. Imepotea lita moja na robo, na nyinyi mlisema ikizidi moja mnatengeneza."

"Lakini Mzee, wewe ulikata sili. Tutajuaje uliongeza mbili na robo kweli?"

"Usihesabu yangu," akasema Mzee Kirui. "Sema mimi ni mwongo. Sema sikuweka hata tone. Bado moja na robo imeenda. Na kama mimi si mwongo, imeenda tatu na nusu. Chagua yenye unataka."

Meneja akasema, kwa sauti ndogo, labda mzee aliitoa huko juu.

"Nilitoa na nini? Mdomo?" Mzee akauliza, na kwa kweli hakuwa anatania. "Nimepokea maziwa miaka mingi. Nimeona mtu akiongeza maji ili ikuwe mingi. Sijaona mtu akiongeza ndio ipungue."

Musa alicheka kwanza, akageuka kuficha uso. Kisha yule mteja wa gari jeusi akaita kwa sauti, "Bwana Meneja, na hii yenye sisi tunanunua, mmeipima?" Mkewe alikuwa ameshairudisha kalamu kwenye mkoba.

Meneja alisimama, akajipangusa magoti. Aliniangalia mimi, akaangalia jagi, akaangalia wateja wake. "Musa," akasema, "ingiza hiyo gari ndani. Fungua injini."

Siwezi kuwaeleza furaha niliyosikia. Nilitaka kumkumbatia mkwe wangu, nikakumbuka yeye ni mkwe. Nikashika jagi badala yake, likanichafua mikono yote miwili.

Nyumbani

Ringi za pistoni, zile pete zinazozuia oili isiungue ndani ya injini, zilikuwa zimeisha kabisa. Musa alinitumia picha, na hata mimi nisiyejua kitu niliona zimeliwa. Walizibadilisha zote, na kazi ikachukua siku kumi na mbili. Wakati huo walituazima gari dogo la kurudia. Mzee Kirui alikunja miguu mle ndani hadi magoti yakagusa kidevu, lakini hakukubali tuondoke kabla hajavuta stiki yake. Ilikuwa sawa. Alionekana kutoliamini.

Nilipochukua langu na kupanda nalo Timboroa, nilitazama kioo cha nyuma mpaka shingo ikauma. Niliona barabara tu. Sikupitia Munyaka kwanza, nilikwenda moja kwa moja Chepsaita, nimebeba asali ya Ortum. Kulipopambazuka nikasikia boneti ikifunguliwa, nikatoka na khanga mabegani. Mzee alikuwa amevuta stiki. Aliipangusa, akaichovya, akaiinua mbele ya jicho. Imejaa mpaka alama. Alisimama na jagi lake mkononi, na niliona amesikitika kidogo, kama mwenyeji ambaye mgeni amekataa chakula.

"Weka kidogo tu, Mzee," nikamwambia.

"Hapana. Ikizidi pia inaharibu." Akalipangusa jagi kwa kitambaa, akanipa. "Hii ni yako sasa. Siku ingine usiniambie ni kidogo. Niambie ni ngapi."

Linaning'inia hapa dukani juu ya mizani, na wateja wanadhani linauzwa. Gari linaendelea vizuri. Mzee Kirui bado hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, lakini siku hizi haanzi na salamu. Anauliza, "Mama Njeri, ni ngapi?" Nami, iwe ni oili, au biashara, au goti langu hili linalouma wakati wa baridi, namwambia ni ngapi.